Hystera, metra na mji wa mimba: Kigiriki kilichojificha katika karatasi za wodi ya wanawake

Mwanzisha uzi

Hamjambo nyote. Mwezi uliopita shangazi yangu wa Kisauni alipewa karatasi ya idhini ya upasuaji, akaniletea niisome, kwa kuwa kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kufasiri nyaraka. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na katikati yake daktari alikuwa ameandika kwa mkono mstari mmoja: "total abdominal hysterectomy and bilateral salpingo-oophorectomy". Shangazi ana miaka 61, amezaa watoto 6, na swali lake lilikuwa moja tu: "Wanatoa nini?" Aliyemkabidhi karatasi alimwambia kwamba atasafishwa kizazi, basi atie sahihi. Jibu hilo lilikuwa kosa, tena kosa zito, kwa maana kusafisha kizazi huacha kila kiungo mahali pake, ilhali mstari ule ulisema kwamba mji wa mimba utatolewa wote kwa kupasua tumbo, pamoja na mirija yote miwili na ovari zote mbili.

Nilipomweleza hivyo alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama kweli hayo yote yamo katika maneno machache kiasi kile. Yamo, na ndiyo sababu ya uzi huu. Maneno ya Kiingereza yanayohusu maradhi ya wanawake yamejengwa kwa vipande vya Kigiriki, na vipande vyenyewe si vya kichawi: ni maneno ya nyumbani, kama vile mama, mwezi, yai, maziwa na tarumbeta, ambayo Mgiriki wa kale aliyatumia jikoni na barazani bila kufikiria hospitali. Anayeyajua hahitaji kukariri kamusi nzima ya matabibu.

Nianze na kanuni iliyonisaidia kuliko orodha zote nilizowahi kukaririshwa: katika Kiingereza cha matabibu, aghalabu Kilatini hutaja kiungo, na Kigiriki hutaja maradhi ya kiungo hicho na kazi ya kisu. Kiungo chenyewe huitwa "uterus", ambalo ni Kilatini, lakini kukitoa ni "hysterectomy", Kigiriki kitupu. Ovari ni ya Kilatini, lakini kuitoa ni "oophorectomy". Titi katika vitabu vya anatomia ni "mamma", Kilatini tena, lakini kuvimba kwake ni "mastitis" na kulikata ni "mastectomy", kutokana na "mastos", titi la Kigiriki. Sababu yake ni ya kihistoria. Wapasuaji maiti wa Italia wa karne ya 16, waliovipa viungo vingi majina tunayoyatumia hadi leo, waliandika kwa Kilatini. Matabibu waliokuja baadaye, hasa katika karne ya 18 na ya 19, walipotaka majina ya magonjwa na ya upasuaji mpya walikimbilia Kigiriki, kwa sababu Kigiriki huunganisha maneno mawili matatu kuwa moja bila taabu, jambo ambalo Kilatini hulifanya kwa kusuasua.

Tuchukue sasa neno la shangazi. "Hystera" ni mji wa mimba. "Ek" ni nje, na "tome" ni kukata, tome ileile iliyomo katika atomu, yaani kitu kisichokatika zaidi. Kwa hiyo "hysterectomy" ni kuukata mji wa mimba na kuutoa nje. Angalieni jinsi silabi moja inavyobeba maisha ya mtu: "hysterotomy", bila ile "ec" katikati, ni kuupasua mji wa mimba tu, kama inavyofanywa mtoto anapotolewa kwa operesheni, kisha ukashonwa na kubaki mahali pake. Anayesoma haraka haraka huona neno moja, kumbe ni mawili, na mwanamke anayetaka kuzaa tena hulitambua moja kwa furaha na jingine kwa kilio.

Neno la pili lina tarumbeta ndani yake. "Salpinx" ilikuwa tarumbeta ya vita ya Wagiriki, ndefu, nyembamba, yenye kinywa kilichopanuka. Gabriele Falloppio, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1561, aliuona mrija wa uzazi unavyopanuka mwishoni, akaufananisha na tarumbeta na kuuita kwa Kilatini "tuba". Waingereza waliosoma "tuba" wakasikia "tube", yaani bomba au mrija, na sisi tuliofasiri kutoka Kiingereza tukarithi kosa lao tukaandika mirija. Laiti mfasiri wa kwanza wa Kiswahili angelisoma Falloppio mwenyewe, huenda leo tungekuwa tunasema siwa za uzazi, kwa kuwa siwa la pembe la Pate na lile la shaba la Lamu yanapanuka vivyo hivyo kinywani, ijapokuwa hupulizwa ubavuni. Sipendekezi tubadilishe. Mirija imeshakaa katika vinywa vya watu, nasi tuiache.

"Oophoron", neno la tatu, ni "oon", yai, pamoja na kitenzi cha kubeba: kibeba mayai. Herufi "o" mbili za mwanzo husomwa moja moja, o-o, wala hazisomwi kama "u" ya Kiingereza. Mtu mzima aliyeisoma vibaya mbele ya wagonjwa wake kwa miaka 20 hahitaji kuona haya, wapo wengi.

Kuhusu mji wa mimba kuna mengi, nitayarudia. Kwanza nisikie kwenu.

Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa 2

Shikamoo mwalimu. Mimi nasoma hapa hapa Mombasa, na maneno haya ndiyo yanayoninyima usingizi. Nina maswali mawili. Kwanza, iwapo mji wa mimba ni "hystera", mbona ukuta wake wa ndani unaitwa "endometrium" na hauitwi "endohysterium"? Nilidhani "metr" ni ya kupimia, kama katika "thermometer", kipimajoto. Pili, kwa nini vitabu vingine huandika "gynaecology" na vingine "gynecology"?

Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu. Swali lako la kwanza ndilo nililokuwa nikilisubiri.

Kigiriki kina maneno mawili tofauti ambayo Kiingereza kimeyavunja hadi yakafanana. "Metron" ni kipimo, nayo ndiyo iliyomo katika mita na katika "thermometer". "Metra" ni mji wa mimba, nayo imezaliwa na "meter", mama. Ndani yake ni "endon", kwa hiyo "endometrium" ni kile kilicho ndani ya mji wa mimba, utando unaojengeka na kumwagika kila mwezi. "Mys" ni msuli, kwa hiyo "myometrium" ni tabaka la msuli linalosukuma mtoto. "Peri" ni pembezoni, kwa hiyo "perimetrium" ni ngozi yake ya nje. Mtego upo katika "pelvimetry", ambayo hutajwa katika wodi ileile na kwa mama yuleyule, lakini hiyo ni metron ya kupimia: kupima nyonga kama mtoto atapita. Njia ya kuzitenganisha ni kuuliza kama neno linahusu ukuta au linahusu rula.

Kwa nini majina mawili ya kiungo kimoja? Wagiriki wenyewe walikuwa nayo yote, kama sisi tulivyo na mji wa mimba, mfuko wa uzazi, kizazi na, kwa wanafunzi wa sayansi, uterasi. Matabibu wa baadaye waligawana urithi huo kwa namna inayoonekana ukitazama kwa makini. Kisu na kifaa hufuata hystera: kutoa, kupasua, kuchungulia kwa kamera. Ukuta na maradhi yake hufuata metra: tabaka, uvimbe, na "endometriosis", yaani tishu inayofanana na ule utando wa ndani inapoota pasipo pake, katika ovari au juu ya utumbo, ikaleta maumivu ambayo wanawake wengi wameambiwa kwa miaka kwamba ni ya kawaida. Jina hilo lilienea katika miaka ya 1920 kutokana na maandishi ya Mmarekani John Sampson.

Hapa nina jambo ambalo limenifurahisha tangu nilipoligundua. "Metropolis" ya Wagiriki ni meter na polis: mama na mji, yaani mji ulio mama, ule uliozaa miji mingine ng'ambo. Sisi Waswahili tukageuza safari: hatukuuita mji mama, tulisema mimba ina mji. Mgiriki alimwona mama ndani ya mji, Mswahili akauona mji ndani ya mama. Hawa watu hawakuambiana.

Kuhusu tahajia: mwanamke kwa Kigiriki ni "gyne", lakini neno hilo linapobebeshwa viambishi shina lake hutokea kamili, "gynaik-". Waingereza hulinda ile "ae" wanapoandika, Wamarekani huipunguza kuwa "e". Shina hilohilo limo katika "gynaecomastia", ambalo wanafunzi hulikosea kwa kudhani ni ugonjwa wa wanawake, kumbe ni wa wanaume: gyne na mastos, mwanamume aliyeota matiti ya kike. Na ukitaka kulishika neno gyne lisikutoke tena, kumbuka kwamba kwa Mgiriki lilimaanisha mwanamke na mke kwa pamoja, kama Kiswahili kinavyosema mke kwa maana zote mbili, kisha kikajenga juu ya hiyo -ke ndogo mwanamke, jike, kike, ukewenza na uke.

Kuna jamaa aliwahi kuniambia barazani kwamba gyne ni ndugu ya "zan" ya Kiajemi, mwanamke, na kwamba Zanzibar ni pwani ya wanawake. Nusu ya kwanza ni kweli kabisa, gyne na zan ni watoto wa babu mmoja, na hata "queen" ya Waingereza imo katika ukoo huo. Nusu ya pili ni kahawa tungu tu: Zanzibar ni ya Zangi, watu weusi, na bar, pwani.

Mkunga mstaafu wa Likoni

Nimewasoma kwa furaha wanangu. Nimezalisha kwa miaka 34, na wazee walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Sisi tulifundishwa maneno haya kwa kuimba darasani bila kuambiwa maana. Kila siku nilikuwa nadunga oksitosini, uniti 10 kwenye msuli mara mtoto anapotoka, ili mji ukaze na damu isimwagike. Mpaka nastaafu sikujua jina lile lina maana gani. Nilijua tu kwamba chupa yake huwekwa kwenye baridi na kwamba umeme ukikatika lazima uulizie friji. Naomba mwalimu aniambie. Na aniambie pia kuhusu eklampsia, ambayo sisi na akina mama tuliita kifafa cha mimba, kwa sababu neno lile lilikuwa likiniogofya hata kulitamka.

Halafu kuna moja ninalolijua mwenyewe. Damu inayomtoka mzazi baada ya kujifungua, vitabu vyetu viliita "lochia", na mama wa Likoni anaiita nifasi. Nikimwambia mama "lochia" ananitazama. Nikimwambia nifasi, ananieleza rangi yake, harufu yake na siku ilipoanza kupungua, na hapo hapo najua kama ana homa ya uzazi au yuko salama. Nimeona wauguzi vijana wakiandika "hakuna historia" kwa sababu waliuliza kwa neno lisilo la mgonjwa.

Mwanzisha uzi

Bi Mkunga, shikamoo, na ahsante.

Oksitosini ni "oxys", yenye makali na ya haraka, pamoja na "tokos", uzazi: uzazi wa haraka. Mwaka 1906 Henry Dale wa Uingereza aliona kwamba maji yaliyotolewa katika tezi iliyo chini ya ubongo huufanya mji wa mimba ukaze, na mwaka 1953 Vincent du Vigneaud akaitengeneza dawa yenyewe maabara, akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1955. Tokos hiyo utaikuta pia katika "dystocia", uzazi mgumu, kwa kuwa "dys" ni kila jambo linalokwenda kombo. Mgiriki alitumia neno lilelile tokos kwa riba, kwa sababu pesa iliyokopeshwa huzaa, na Aristotle alilichukia jambo hilo akasema pesa haikuumbwa ili izae pesa. Maalim wetu wa Mji wa Kale atalifurahia.

"Eklampsis" ni mmweko, mng'ao unaochomoza ghafla. Walilichukua kwa sababu degedege la ugonjwa ule humjia mama kama radi katika anga isiyo na mawingu. "Pre-eclampsia" imeongezewa kichwa cha Kilatini, kabla, nayo ni ile hali ya presha kupanda na protini kuonekana katika mkojo, kabla ya mmweko wenyewe. Kuhusu jina lipi ni bora, nakuunga mkono wewe na akina mama: kifafa cha mimba kinamwambia mume atafute gari usiku uleule. Mmweko haumwambii kitu.

Na nifasi, Bi Mkunga, ni ya Kiarabu, kama ilivyo hedhi. Kiswahili cha Pwani kilichukua kwa Waarabu maneno ya fiqhi ya wanawake, kwa sababu mwanamke alihitaji kujua lini atasali na lini atafunga, lakini kile cha mwilini chenyewe tumekitaja kwa maneno yetu. Hapo ndipo mwezi unapoingia. Kwa Wagiriki "men" ni mwezi wa kuhesabu na "mene" ni mwezi wa angani, maneno ya nyumba moja. Kwetu ni neno moja tu, na mwanamke aliye katika siku zake tunasema yuko mwezini. Kwa hiyo Mswahili anayesoma "amenorrhoea" ana nusu ya jibu tayari: "a" ni kutokuwapo, men ni mwezi, na "rhoia" ni mtiririko. Weka dys mahali pa a, nawe umepata maumivu ya hedhi. Weka "arche", mwanzo, nawe umepata "menarche", ambayo kwetu ni kuvunja ungo. Weka "pausis", kukoma, nawe umepata "menopause", jina alilolisanifu tabibu wa Kifaransa Charles de Gardanne na kulitia katika umbo hilo mwaka 1821. Ni ajabu kwamba jambo ambalo kila mwanamke mwenye umri amelijua tangu dunia iumbwe lilisubiri hadi karne ya 19 kupata jina la kitabibu.

Maalim wa Mji wa Kale

Salaam aleikum. Riba nimeiona, na Aristotle ameniridhisha.

Nina la kuongeza kuhusu hystera. Kwa Kiarabu mji wa mimba ni rahim, na herufi zake tatu ndizo za rahma, ambayo Waswahili tumeifanya rehema. Ndiyo maana kuunga udugu huitwa silatu-rahim, kuunga kizazi. Sisi tuliichukua rehema tukaliacha rahim, kwa kuwa mji wa mimba tulikuwa nao. Sasa nauliza: kutokana na mji wa mimba Mwarabu amepata huruma, na kutokana na mji wa mimba Mgiriki amepata nini? Nimesikia kwamba "hysteria", wazimu wa kupiga makelele, umetoka hapo. Ni kweli? Maana tabibu Ibn Sina naye, katika Qanun, kitabu chake cha utabibu, anataja ikhtinaqu-rahim, kukabwa na mji wa mimba, na sikuelewa kamwe kiungo cha chini kinamkabaje mtu koo.

Mwanzisha uzi

Maalim, ni kweli, na Ibn Sina aliipokea kutoka kwao.

Katika vitabu vya kale vinavyohusishwa na Hippocrates, mwanamke aliyekosa pumzi, aliyepoteza sauti au aliyeanguka ghafla alisemekana kuwa mji wake wa mimba umekauka, ukawa mwepesi, ukapanda kutafuta unyevu, ukafika kwenye ini au moyo ukamkaba. Plato naye, katika Timaeus, aliufananisha na mnyama anayetamani kuzaa, ambaye akikaa muda mrefu bila mtoto hukasirika na kuzurura mwilini. Tiba ilikuwa ya harufu: waliweka vitu vinavyonuka vibaya puani ili mji ukimbie chini, na manukato mazuri huko chini ili uvutiwe kurudi kwake. Sisi wa Pwani tunaomfukiza mzazi kwa udi na ubani tunafanya hivyo ili anukie na apate joto, si ili kumkamata mnyama.

Wala si Wagiriki wote waliokubali. Soranus wa Efeso, aliyetibu huko Roma katika karne ya 2 na kuandika kitabu kizima cha ukunga na maradhi ya wanawake, alisema waziwazi kwamba mji wa mimba si mnyama anayetoka pangoni, akazikataa na zile harufu mbaya kwa kuwa humdhuru mgonjwa. Tabibu Galen naye alikana kwamba unatembea. Lakini jina lilishapata miguu kuliko kiungo chenyewe. Lilipita Baghdad kwa Kiarabu, likarudi Ulaya kwa Kilatini, na katika karne ya 19 Jean-Martin Charcot alikuwa akiwaonyesha wagonjwa wa histeria mbele ya hadhira katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, wakiwemo wanaume, watu wasio na mji wa mimba hata kidogo. Sigmund Freud na Josef Breuer waliliandikia kitabu mwaka 1895. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kililiondoa jina hilo katika orodha yake ya maradhi mwaka 1980 tu.

Na bado halijaisha. Homoni ya kike tunayoiita estrojeni imepewa jina kutokana na "oistros", ambaye ni pange, yule nzi anayemuuma ng'ombe hadi akapiga mbio ovyo. Wagiriki waliitumia kwa kichaa na kwa ashiki, wanasayansi wakaitumia kwa joto la wanyama majike, kisha ikawapata wanawake. Kila kidonge cha uzazi wa mpango chenye homoni hiyo kimebeba pange mgongoni. Swali lako, Maalim, la nani alipata huruma na nani alipata wazimu, silijibu zaidi ya hapo.

Msomaji wa Nyali

Nimefuatilia kwa utulivu, lakini naona mnapoteza muda. Madaktari duniani kote wanatumia maneno haya. Si afadhali tuseme histerektomia na salpingitisi, tuyatie irabu mwishoni, tuendelee na safari? Mbona tulikubali hospitali, daktari na saratani?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, sikatai kukopa. Daktari kwa daktari na waseme histerektomia. Lakini hospitali na saratani zimeshafika sokoni Kongowea, muuza nyanya anazijua, ilhali histerektomia ingemwacha shangazi yangu palepale alipokuwa, na labda pabaya zaidi, kwa sababu angedhani ni Kiswahili na angeona haya kuuliza. Watu wa hapa husema kutolewa kizazi, na kila mtu huelewa. Kasoro yake ni kwamba haisemi kama ovari zimebaki au zimekwenda, jambo lenye uzito mkubwa, kwa maana mwanamke ambaye hajafika ukomo wa hedhi akitolewa ovari zote mbili huingia ukomoni ghafla, pamoja na joto lake na jasho la usiku. Kwa hiyo mimi ningeandika: kutolewa kizazi, mirija na ovari. Maneno matano, hakuna Kigiriki, hakuna kilichofichwa.

Mahali pengine Kiswahili kimeona vizuri zaidi kuliko wao. Kilatini kiliita sehemu ya chini ya mji wa mimba "cervix", shingo, na Kigiriki "trachelos", shingo vilevile, ambayo imo katika "trachelectomy". Sisi tunasema mlango wa kizazi. Shingo inaeleza umbo, mlango unaeleza kazi: hufungwa miezi tisa kisha hufunguka, na mkunga hupima umefunguka sentimita ngapi. Shingo haifunguki.

Shangazi, kwa wanaouliza, alirudi na maswali matatu aliyoyaandika kwenye kipande cha karatasi ya sukari, daktari akakaa akamjibu yote, naye akatia sahihi kwa hiari yake.

Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa 2

Nimejaribu mwenyewe. "Hydrosalpinx": "hydor" ni maji, kwa hiyo ni tarumbeta iliyojaa maji, yaani mrija ulioziba ukajaa majimaji. "Galactorrhoea": "gala" ni maziwa, kwa hiyo maziwa yanayotiririka kwa asiyenyonyesha. "Placenta" nimekwama.

Na "colposcopy" je? Jana nilimsindikiza mgonjwa aliyetumwa kufanyiwa, na kilichotazamwa ni mlango wa kizazi.

Mwanzisha uzi

Umefaulu. "Placenta" ni Kilatini cha keki, lakini kimetoka kwa "plakous" ya Kigiriki, mkate bapa, na Realdo Colombo ndiye aliyeliita kondo la nyuma hivyo mwaka 1559. Fikiria mkate wa sinia.

"Kolpos" ni kunjo la nguo, kifua cha mama anapopakata, na pia ghuba, pale bahari inapoingia ndani ya nchi kavu. Waitalia waliligeuza "golfo" na Waingereza "gulf". Matabibu wakalitumia kwa uke. Sisi wa kisiwa hiki, tuliozungukwa na hori pande zote, hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Kifaa cha Hans Hinselmann, alichokitangaza Ujerumani mwaka 1925, kinatazama kupitia horini hadi mlangoni, na jina limebaki la njia, si la mwisho wa safari.

Mkunga mstaafu wa Likoni

Hapo kwenye hori mmenirudisha mbali. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu aliletwa msichana wa miaka 14, tumbo limemvimba chini ya kitovu, na nyumbani walikuwa wameshamhukumu kwamba ana mimba. Mamake alikuwa amempiga. Mtoto analia, anasema hajawahi kuvunja ungo, sembuse mengine, na kila mwezi anaumwa tumbo siku tatu nne kisha linatulia. Daktari alimtazama, akakuta kizinda chake hakina tundu hata dogo, akaandika neno moja kwenye kadi: "haematocolpos". Alitobolewa siku ileile, ikatoka damu nyeusi nzito ya miezi mingi.

Mamake aliniuliza mimi kile kilichoandikwa, na mimi nikamwambia ni ugonjwa wa wasichana, kwa sababu sikujua. Leo ndiyo nimelisoma: haima ni damu, na kolpos ndiyo hiyo hori yenu. Hedhi yake ilikuwa ikija kila mwezi, ikikuta njia imefungwa.